Vumbi la Feni Yetu

Siku mume wangu alipofariki, nilimpita mara kadhaa nikinyata.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, yeye amekaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja, hatikisiki. Hakuwa amevaa sweta. Mwanamke mwingine akimkuta mumewe hivyo atashtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu kila msimu wa baridi alikuwa na mchezo huo. Alikuwa akisema mwili wa mtu unaipasha moto hewa inayougusa, na hewa hiyo inamzunguka kama shuka jembamba. Mtu akitulia, shuka linakaa. Akijitikisa, au mtu mwingine akipita mbele yake na gauni pana, shuka linachukuliwa na inabidi aanze upya. Kwa hiyo baridi ikizidi, badala ya kuvaa sweta kama binadamu wenzake, alikaa kimya akifuma la hewa. Ukimsemesha, alijibu kwa midomo tu bila kugeuza shingo.

Basi siku hiyo nilimwekea chai mezani, nikapita kwa tahadhari huku nimeshika gauni langu lisipepee, nikarudi kwenye cherehani. Nikapita tena kuchukua mkasi. Niliporudi kuurudisha nikaona chai imeshika utando juu, wala hajaigusa, wala hajanieleza kwa nini imepoa. Chai kupoa bila maelezo, katika nyumba yetu, haikuwa kawaida. Ndipo nilipomgusa bega.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, kabla hata ya chai, na hakuna mtu ambaye angeweza kufanya lolote. Nilimwamini na bado namwamini. Lakini ndivyo ujane wangu ulivyoanza: kwa kunyata, nisimvue mtu shuka lake.

Alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi. Alifundisha mambo ya maji, hewa na joto, jinsi vinavyopita kwenye mabomba na jinsi vitu vinavyopozwa. Ndani ya somo hilo kulikuwa na kipande kimoja alichokipenda kuliko vyote, kinaitwa tabaka la mpaka, yaani ile hewa au yale maji yanayogusana na kitu, na kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kukitaja, wanafunzi walimbatiza Tabaka. Jina likatoka chuoni likaja mtaani. Hata muuza mkaa alimwita Mwalimu Tabaka. Nadhani alifikiri ni jina la ukoo.

Mimi nilisoma mpaka sekondari nikaishia hapo, na kwenye karatasi za fizikia kitu pekee nilichokipata ni jina langu. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa hapa sebuleni. Kwa hiyo mimi alinifundisha kwa vitambaa. Alichukua vipande vilivyobaki, akavipanga kimoja juu ya kingine mezani, akaweka kiganja juu na kusukuma. Kipande cha juu kilikwenda na mkono. Cha chini yake kikafuata shingo upande. Kilichofuata kikasogea kidogo zaidi ya kutosogea. Cha chini kabisa, kinachogusa meza, hakikuondoka mahali pake hata kwa unene wa uzi.

"Hewa iko hivyo," aliniambia. "Upepo ukivuma juu ya kitu, ile hewa inayokigusa chenyewe haiendi popote. Imekishika."

Nikamuuliza, hata kimbunga? Akasema hata kimbunga. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu anayelipwa mshahara ili aseme. Akacheka, akanyoosha kidole juu, kwenye feni.

Feni yetu ni ya dari, ina mapanga matatu, na swichi yake ya ukutani inazungushwa kutoka namba moja hadi namba tano. Kila jioni alirudi kutoka chuoni na koti lililojaa chaki, kwa sababu alikuwa na tabia ya kufuta ubao kwa mkono wa koti akiwa na hamu ya kuandika jambo linalofuata. Alisimama katikati ya sebule, chini ya feni, akalivua na kulikung'uta kwa nguvu zote. Wingu jeupe lilipanda juu. Nilimwambia mpaka nikachoka kwamba nje kuna uwanja mzima wa kukung'utia. Alisema nje kuna upepo. Mwaka baada ya mwaka chaki ile ikajipaka juu ya mapanga ya feni hadi yakawa meupe kama yametiwa poda, na nilipopanda kiti na kitambaa chenye maji, alinishusha.

Alisema huo ni ushahidi wake. Panga linakimbia kuliko baiskeli ya mtu anayefukuzwa na mbwa, na vumbi limekaa juu yake limestarehe kama mgeni aliyesikia sufuria zinagongana jikoni. Kwa nini halipeperuki? Kwa sababu pale lilipolala hakuna upepo. Upepo uko juu yake kidogo. Lenyewe limo ndani ya ile hewa iliyolishika panga, linazunguka nalo, halijui kama kuna safari.

Nilimwacha na ushahidi wake. Mume mwingine angekuwa na mbwa.

Alikuwa na vituko vingine. Mara moja aliamua wanafunzi waione hewa kwa macho. Akawatoa darasani, akawajaza kwenye korido, akawaambia kwamba wao ndio hewa. Waliogusa ukuta waliamriwa wasibanduke kwa lolote. Waliofuata watembee kwa kuburuta miguu huku wameshikwa mashati na wale wa ukutani, waliofuata hao watembee kawaida, na wa katikati wakimbie. Mkuu wa chuo akatokea mwisho wa korido, akaona nusu ya darasa inamjia mbio na nusu nyingine imebandika migongo ukutani kwa macho makali, akafikiri ni mgomo. Akajifungia ofisini. Mume wangu alikwenda kumweleza kupitia tundu la ufunguo, na aliporudi nyumbani alisema hajawahi kupata mwanafunzi mtulivu kama yule.

Tulipomzika, watu wa kwanza kufika walikuwa wa mwisho kuondoka, nao ni watatu. Binti yetu, ambaye ana kazi yake mji mwingine. Shemeji yangu mkubwa, dereva mstaafu wa mabasi, ambaye katika familia anaitwa Breki kwa kuwa hakuna ugomvi ulioanza mbele yake ukaendelea. Na wifi yangu.

Wifi ni msimamizi wa wasafishaji katika hospitali kubwa na hawezi kukaa kwenye kiti kabla hajakifuta. Watu wengine msibani hulia. Yeye alikuja na begi la nguo na begi jingine la vitambaa: vya sakafu, vya vyombo, vya vioo, na vile ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ni vya nini. Alianza na jiko. Akasugua birika mpaka nikayaona humo macho yangu yaliyovimba, nikaligeuza upande. Akafua mapazia. Akaosha miwani ya kaka yake, akaosha kikombe chake, akaosha ndala zake mpaka nyayo. Akafuta nyuma ya picha, juu ya milango, ndani ya droo, na mtungi wa gesi. Paka wa jirani aliingia akatoka amepanguswa. Nilimwacha afanye anavyotaka, kwa sababu nilijua hizo ndizo sauti zake za kulia.

Kisha siku moja, chini hakukuwa na kitu tena cha kufuta, akainua macho.

"Wifi," akaniita. "Hiki nini?"

Nikamwambia ni feni.

"Feni naijua. Hicho kilicho juu yake."

"Ni vumbi la kaka yako," nikasema.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayejiuliza kama niliamka nikala. Ikanibidi nimweleze kuhusu koti na chaki na kukung'uta. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, nikishindwa kufika mwisho. Nilichotaka kusema ni kwamba kila alichokishika mwanamume yule ndani ya nyumba hii kilikuwa kimeshaoshwa, na mimi ndiye niliyeruhusu, na sasa kilichobaki mahali alipokiacha kwa mkono wake ni kile tu. Nilichosema ni kwamba naomba kisiguswe.

Wifi naye hakuwa na roho mbaya. Alinikumbusha kwamba kesho mkuu wa chuo anakuja na walimu wake kutoa pole. Alisema hataki watu waondoke hapa wakinong'ona kwamba kaka yake alikuwa anaishi kwenye stoo. Nikamwambia mkuu wa chuo hatakuja kuangalia dari.

"Kila mtu anayetafuta maneno ya kutoa pole anaangalia dari, wifi," akasema. "Mimi nafanya kazi hospitali."

Akaenda kuchukua stuli jikoni. Aliporudi akanikuta nimesimama katikati ya sebule chini ya feni, utepe wa kupimia shingoni, mkasi mkononi. Mkasi ulikuwa mkononi kwa sababu ya kazi, lakini sikuuweka chini.

Shemeji alikuwa kwenye kochi anakunywa chai. Akainua kiganja chake, kile kiganja kilichosimamisha watu kwenye vituo maisha yake yote, nasi tukasimama. Akauliza kila mmoja anasemaje. Wifi akasema uchafu ni uchafu, hauna marehemu. Mimi nikasema mwenye vumbi alisema lisifutwe. Shemeji akafikiri kwa kunywa chai yote iliyobaki, kisha akatoa hukumu. Hakuna atakayepanda stuli. Kesho asubuhi feni itawashwa, namba tano, na itazunguka mpaka wageni wafike. Chombo kikienda kasi vumbi hutoka lenyewe, alisema, hayo aliyajua barabarani. Likitoka, wifi atafuta kilichobaki na maneno yaishe. Lisipotoka, basi marehemu amesema, na litakaa.

Binti yetu akauliza, kwa heshima, "Baba Mkubwa, mbona basi lako lilikuwa linafika na vumbi?"

"Hilo ni vumbi jipya," shemeji akasema. "La zamani lilikuwa limeshashuka njiani."

Nikakubali hukumu ile haraka mno. Wifi akaniangalia kwa jicho moja. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mimi naheshimu wakubwa. Akasema tangu niolewe kwenye ukoo wao hajawahi kuniona nikiheshimu wakubwa kwa kasi ile.

Furaha yangu haikudumu mpaka chakula cha jioni. Nilianza kuwaza. Feni ile hatukuwahi kuiwasha namba tano, kwa sababu ya vitambaa vyangu. Sikuwahi kuona kwa macho. Nilikuwa nimesikia tu, kutoka kwa mtu aliyekaa bila sweta. Mume wangu alikuwa mkweli, lakini alikuwa pia mtu wa kunogewa na maneno yake. Vumbi likidondoka kesho, nitakuwa nimepoteza vitu viwili: vumbi lenyewe, na uhakika wangu kwamba muda wote ule mezani, kwa vile vipande vya vitambaa, alikuwa akiniambia jambo la kweli. Cha pili kiliniuma zaidi. Nikaosha vyombo ambavyo wifi alikuwa ameshaviosha.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kuvaa soksi mbili. Nilizungusha swichi kwa mkono wangu mwenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, na pale kwenye tano feni ikatoa mlio kama mtu mzima anayeinuka kwenye kiti cha chini, ikayumba, ikatulia, ikaanza kukimbia. Kalenda ikapiga makofi ukutani. Mapazia yakasimama. Mkono wa shati la shule, ambao haujapata shati lake, ukaruka kutoka kwenye cherehani ukaenda kukaa juu ya taa.

Shemeji alisema mwamuzi lazima awe uwanjani, akaweka kiti chake chini ya feni kabisa. Baada ya muda mfupi akaomba koti. Kisha akaomba kofia. Kisha akaomba blanketi, na lililopatikana lilikuwa la kitanda chetu, la maua mekundu, akajifunika mpaka ikabaki pua na mkono wa kikombe. Chai ilikuwa inapoa kabla haijafika mdomoni. Akalalamika kwamba chai ya nyumba hii haina msimamo.

Nikamweleza kwamba juu ya chai kuna tabaka la mvuke moto linaloifunika, na ndilo linaloichelewesha kupoa. Ndiyo maana mtu akiwa na haraka hupuliza: hapozi chai kwa pumzi yake, anaifunua. Feni inaifunua bila kupumzika.

"Na mimi je?" akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Wewe pia, shemeji. Kila ukijipasha moto, inakuvua."

Akasema sasa ameelewa kwa nini mdogo wake alikuwa anakaa kama sanamu. Siku zote alidhani ni mawazo ya deni. Wifi, ambaye alikuwa amevaa kofia ya sufu na glavu za mpira za kufulia, akasema hayo ni mambo ya baridi na hukumu ni ya vumbi, tusichanganye kesi.

Mimi nilijifanya nashona. Wifi alijifanya anapanga viti. Lakini mara akafunga mlango wa jikoni kwa kishindo mpaka dari ikatikisika. Binti yetu, ambaye baba yake mkubwa alimpa kazi ya kulinda swichi, akasema bila kuinua kichwa, "Shangazi, hiyo faulo." Baadaye wifi akapita na ufagio wa kutolea utando wa buibui, ameubeba wima kama bendera, na mpini wake ukapotea njia ukagonga kibomba kinachoshika feni. Faulo ya pili. Akafungua dirisha la upande mmoja, kisha la upande wa pili, akasema anataka hewa. Ndani ya nyumba ile, asubuhi ile, mtu alisema anataka hewa.

Na mimi sikuwa bora. Nilikuwa nikiinamia cherehani huku midomo inacheza. Nilikuwa nasema, "Shikilia. Shikilia tu."

Sasa, kwenye ukingo wa panga moja kulikuwa na kitu ambacho sikukihesabu. Mbali na ile chaki laini iliyolala, kulikuwa na donge la kijivu, la nyuzi za cherehani yangu na uchafu mwingine, limening'inia kama ndevu za mbuzi. Asubuhi yote lilikuwa linapepea. Shemeji alipoinua kikombe kwa mara nyingine, donge likaachia. Lilizunguka sebule mara moja, likashuka taratibu, na likaingia kwenye kikombe wakati kikombe kinaingia mdomoni.

Shemeji akatafuna kidogo. Akameza.

"Hii chai mmeweka nini?" akauliza.

Wifi akapiga kofi moja la glavu za mpira. Akasema limedondoka, kila mtu ameona, kesi imekwisha, lete stuli. Binti yetu akasema hakuna ushahidi. Wifi akamwambia kaka yake afungue mdomo. Shemeji akafungua mdomo. Wifi akamulika na tochi ya simu, akaangalia kushoto na kulia kama daktari wa meno.

"Kaka," akasema, "umemeza ushahidi."

Nikasimama, nikaenda kuzima feni. Feni ilipokuwa inapunguza mwendo nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Wifi, lililoanguka ni lile lililosimama. Lilikuwa refu, kichwa chake kilikuwa nje, kwenye upepo. Kaka yako alisema lililolala, lililogusa panga lenyewe, haliguswi na upepo. Panda uangalie. Kama halipo, futa. Sitasema neno."

Shemeji akasema hilo ni sawa, akiwa bado anajisafisha koo. Binti yetu akashika tochi. Wifi akapanda stuli, na kwa kuwa stuli ina mguu mmoja mfupi na wifi ni mtu wa mwili, shemeji akamkumbatia miguu, blanketi na vyote. Nilibaki chini nimeshika shati nililokuwa nashona. Sikutazama juu. Nilitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwake, kile cha vioo, kilichokuwa na maji.

Kilikaa pale pale, hakikwenda juu.

"Lipo," akasema. Halafu akasema tena, kama anamwambia mtu mwingine, "Lipo lote. Limelala kama poda."

Shemeji akauliza kutoka chini kama ana hakika. Wifi akasema ngoja. Akajaza mashavu hewa, akalipuliza lile panga kwa nguvu zote alizozipata kwa miaka ya kupanda ngazi za hospitali na ndoo mikononi. Stuli ikalia. Kofia ya sufu ikamwangukia machoni. Akaiinua, akaangalia. Vumbi halikwenda popote. Akapuliza tena, safari hii karibu zaidi, midomo imebinuka. Kisha akabaki pale pale, pua yake ikiwa karibu na panga, na tukamsikia anavuta hewa.

"Lina harufu ya chaki," akasema. "Mungu wangu. Lina harufu ya koti lake."

Akavua glavu moja. Akagusa panga kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, jinsi mtu anavyogusa paji la uso la mtoto aliyelala kuona kama ana homa. Kidole kikatoka cheupe. Alikishika mbele ya macho yake, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu afike, wifi yangu alilia kama watu wanavyolia, kwa sauti, juu ya stuli, shemeji akiwa ameshikilia miguu yake naye uso umezama kwenye blanketi, sijui anafanya nini humo.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi, kwa ajili ya ile hewa aliyoitaka wifi. Sijui mkuu wa chuo alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuwa na suti nyeusi na walimu wanne nyuma yake, mmoja ameshika boksi la matunda. Alitutazama: wifi juu na kidole chake, shemeji na blanketi la maua, binti anamulika dari mchana, na mimi na shati ambalo, nilikuja kugundua wakati ule, lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

"Samahani," akasema kwa upole. "Tusubiri nje mpaka somo liishe?"

Nilicheka. Sikujua kwamba bado naweza. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, binti yangu akakaa nami, na walimu wale wakaingia kwa kunyata, bila mtu kuwaambia, wakapita pembeni ya ukuta mmoja mmoja.

Tuliwapa chai. Feni ilikuwa imezimwa, kwa hiyo ilikaa na moto wake. Mkuu wa chuo akakohoa, akaweka kikombe chini, akatafuta maneno, na macho yake yakapanda moja kwa moja kwenye dari kama wifi alivyosema. Yakatua kwenye mapanga. Yakabaki pale muda. Nilimwona wifi anajiweka sawa kwenye kiti.

"Ile ni chaki?" mkuu akauliza.

"Ni ya kaka yangu," wifi akasema. "Haifutwi."

Mkuu wa chuo akatikisa kichwa kukubali. Akasema pole tena, na baada ya hapo akaanza kutueleza habari ya korido, akiwa upande wake wa tundu la ufunguo, na nikajua kwamba mume wangu alikuwa ameniambia nusu tu. Hakuniambia kwamba mkuu, kule ndani, alikuwa amejificha chini ya meza.

Walipoondoka wifi aliosha vikombe vyote kwa mkono mmoja. Ule wa pili alikuwa ameuweka juu, mbali na maji.

Sasa anakuja kila akipata likizo, na begi lake la vitambaa. Anafuta kila kitu kasoro kimoja. Shemeji akija hukaa kwenye kochi, upande wa mbali, na kufunika kikombe kwa kiganja. Baridi imekwisha na joto limerudi. Feni naiwasha namba mbili, na panga moja kati ya matatu lina alama ya kidole.